Safari ya Joselu: Kutoka mji wa wafugaji, kuzunguka Ulaya, hadi usiku wa Bernabéu

SILLEDA si mji ambao watalii wa Hispania huukimbilia. Hauna bahari, hauna kasri la mfalme wala uwanja mkubwa wa mpira. Ni mji mdogo wa wafugaji katika mkoa wa Pontevedra, Galicia, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo. Ukitoka Santiago de Compostela kwa gari unafika kabla saa moja haijakatika.

Wanaoupita kwa wingi ni mahujaji. Santiago ni mji ambao Wakatoliki wa Ulaya wameuendea kwa miguu tangu Enzi za Kati, na moja ya njia zao kutoka kusini hukatiza Silleda. Huingia wakiwa na mabegi mgongoni, hula, hulala, kisha huondoka alfajiri.

Kila Juni mji hubadilika. Hufanyika maonyesho makubwa ya kilimo na mifugo yanayoitwa Semana Verde, yaani Wiki ya Kijani, na watu hufika kutoka pande zote kuangalia ng'ombe, matrekta, jibini na asali. Kando ya nyumba za mashambani utaona maghala marefu ya mawe yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasiyafikie mahindi. Wenyeji huyaita hórreo. Mkulima wa Songea angeyatazama mara moja tu na kusema hiki ni kihenge.

Chakula cha minadani ni pweza, ingawa bahari iko mbali. Huchemshwa katika sufuria kubwa za shaba, hukatwa vipande kwa mkasi, huwekwa kwenye sahani ya mbao, kisha hunyunyiziwa chumvi ya mawe, mafuta ya zeituni na unga wa pilipili nyekundu. Hakuna ukwaju wala kachumbari, lakini mtu wa Tanga au Mombasa hatajiona mgeni mbele ya sahani hiyo.

Hapa ndipo alipokulia José Luis Mato Sanmartín, ambaye ulimwengu wa soka unamfahamu kwa jina fupi la Joselu.

Watu wengi wanamkumbuka kwa usiku mmoja. Ilikuwa Mei 8, 2024, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, alipoingia akitokea benchi na kuifungia Real Madrid mabao 2 ndani ya dakika chache dhidi ya Bayern Munich. Alikuwa na umri wa miaka 34. Kwa mzazi mwenye mtoto anayecheza mpira, hata hivyo, usiku huo una maana zaidi ukijua njia iliyoufikia. Njia hiyo ilipita katika miji mingi ambayo haipambi mabango ya utalii.

Alizaliwa ugenini

Joselu hakuzaliwa Silleda. Alizaliwa Machi 27, 1990, Stuttgart, kusini magharibi mwa Ujerumani, katika familia ya wahamiaji kutoka Galicia.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Galicia kwa vizazi vingi ilikuwa nchi ya watu wanaoondoka. Mashamba yalikuwa madogo, familia zilikuwa kubwa, na kazi zilikuwa chache. Kwanza watu walikwenda Cuba na Argentina kwa meli. Nchini Argentina, hadi leo, Mhispania yeyote huweza kuitwa gallego, yaani mtu wa Galicia, hata kama hajawahi kukanyaga huko.

Baadaye ikaja zamu ya Ulaya. Mwaka 1960 Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba na Hispania wa kuchukua wafanyakazi, kwa kuwa viwanda vyake vilikuwa vinahitaji mikono. Stuttgart, mji wa Mercedes, Porsche na Bosch, ulikuwa kati ya miji iliyovuta wageni wengi. Waliitwa wafanyakazi wageni, kwa matarajio kwamba siku moja watarudi kwao. Wengine walirudi. Wengine walizaa, wakasomesha, wakabaki.

Lugha ya Kigalicia ina neno linalotajwa sana wahamiaji wanapozungumziwa: morriña. Ni ile hali ya kuwa na hamu ya nyumbani mpaka mwili unalegea. Wazazi wanaofanya kazi Dubai, Muscat au Minneapolis huku watoto wakiwa Arusha au Eldoret wanaijua hali hiyo bila kulijua neno lenyewe.

Joselu alipokuwa na miaka minne familia ilirejea Galicia. Aliiacha Ujerumani akiwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kuzungumza sawasawa. Hakuna aliyejua kwamba angerudi huko kutafuta riziki, kama ilivyokuwa kwa wazazi wake.

Vigo, akiwa na miaka 12

Mwaka 2002 Joselu alijiunga na timu za vijana za Celta ya Vigo, klabu kubwa ya kusini mwa Galicia.

Vigo ni mji wa bandari na viwanda, na bandari yake ni miongoni mwa kubwa za uvuvi barani Ulaya. Barabara zake zinapanda na kushuka mithili ya ngazi, na kila zinaposhuka huishia kwenye maji. Katika ghuba yake kuna majukwaa ya mbao yanayoelea, na chini yake zimening'inizwa kamba ambako kome hufugwa. Mbele ya ghuba viko visiwa vya Cíes, ambako familia huvuka kwa boti wakati wa kiangazi kwenda kuogelea, ingawa maji ya Atlantiki huko ni ya baridi hata mwezi Julai.

Umri huo wa miaka 12 ni mgumu kwa mchezaji mtoto, na sababu iko mwilini. Wavulana hawakui kwa pamoja. Mmoja hurefuka akiwa na miaka 12, mwenzake husubiri hadi 15. Kocha asiye makini humchagua aliyekwisha kukua, mwenye nguvu na mbio, na kumwacha mwenye akili ya mpira ambaye mwili wake bado. Mzazi naye akiona mwanawe anawekwa pembeni hudhani kipaji hakipo, kumbe ni suala la kalenda ya mwili.

Joselu alipanda ngazi zote za Celta. Alirefuka hadi kupita mita 1.90, akawa straika wa kati wa aina ya zamani: wa kupiga vichwa, kukinga mpira kwa mgongo na kusubiri ndani ya boksi. Mwaka 2009, akiwa na miaka 19, alicheza mechi yake ya kwanza katika kikosi cha wakubwa. Celta wakati huo ilikuwa daraja la pili. Mwaka huohuo Real Madrid ikamnunua na kumwacha Vigo kwa mkopo wa msimu mmoja.

Madrid, mlango uliofunguka nusu

Hakupelekwa moja kwa moja kwenye timu ya akina Cristiano Ronaldo. Alipelekwa Castilla, timu ya pili ya klabu hiyo, iliyokuwa ikicheza daraja la tatu.

Castilla ya wakati huo ilikuwa na vijana ambao majina yao yangekuja kuwa makubwa: Dani Carvajal, Nacho Fernández, Álvaro Morata. Msimu wa 2011/12 Joselu alifunga zaidi ya mabao 20 na timu ikapanda daraja.

Alikuwa pia ameonja kikosi cha kwanza. Mei 21, 2011, siku ya mwisho ya msimu, Real Madrid iliifunga Almería mabao 8-1. Joselu aliingia kipindi cha pili kuchukua nafasi ya Karim Benzema, akafunga bao la nane kwa pasi ya Ronaldo. Alikuwa na miaka 21. Familia yoyote ingeamini kwamba kijana sasa amefika.

Hakuwa amefika. Mbele yake walikuwepo Benzema na Gonzalo Higuaín, na nafasi ni moja. Majira ya joto ya 2012 aliuzwa.

Hapa ndipo wachezaji wengi wa akademi huvunjika. Kijana amekaa miaka mingi akiitwa mchezaji wa Real Madrid, jina hilo limekuwa ndiyo utambulisho wake, kisha asubuhi moja anaambiwa ahame. Wataalamu wa afya ya akili ya wanamichezo husisitiza jambo moja kuhusu kipindi hiki: anayeumia zaidi ni yule ambaye hana kitu kingine kinachomwambia yeye ni nani. Familia, masomo, imani na marafiki wasiojali matokeo ya Jumamosi hufanya kazi ya mto wa kuangukia.

Ujerumani, miji mitatu kwa miaka mitatu

Klabu iliyomnunua ilikuwa Hoffenheim. Iko katika jimbo la Baden-Württemberg, ambalo makao yake makuu ni Stuttgart. Mtoto aliyeondoka jimboni humo na miaka minne alirudi akiwa na 22.

Hoffenheim yenyewe ni kijiji cha watu wapatao 3,000, sehemu ya mji wa Sinsheim. Uwanja wake unachukua watu 30,000, mara kumi ya wakazi wa kijiji, na umejengwa kando ya barabara kuu kwa sababu bilionea Dietmar Hopp, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu za kompyuta ya SAP, aliamua kuipandisha timu aliyoichezea utotoni. Wageni wengi hufika Sinsheim kuona jumba la makumbusho ambalo lina ndege za Concorde na Tupolev zilizopandishwa juu ya paa. Watoto huingia ndani ya ndege hizo kwa ngazi.

Msimu wake wa kwanza Hoffenheim ilinusurika kushuka daraja kupitia mechi za mchujo. Msimu uliofuata alikopeshwa Eintracht Frankfurt, mji wa mabenki na maghorofa kando ya mto Main. Mwaka 2014 akauzwa Hannover, mji wa kaskazini wenye ziwa la kuchimbwa, Maschsee, ambako wakazi hukimbia na kuendesha baiskeli jioni. Hannover nayo ilijiokoa siku ya mwisho ya msimu.

Klabu tatu kwa miaka mitatu. Kila mara ni nyumba mpya, kocha mpya, njia mpya ya kwenda dukani. Mashabiki huona mkataba na picha ya jezi, lakini nyuma ya picha kuna mtu anayetafuta daktari, anayejaza fomu kwa lugha ya kigeni na anayekula peke yake mpaka azoeane na wenzake.

Stoke, A Coruña, Newcastle

Mwaka 2015 alivuka kwenda Uingereza, Stoke City.

Stoke-on-Trent ni muungano wa miji sita iliyoishi kwa kufinyanga na kuchoma udongo. Ukigeuza sahani au kikombe cha zamani kabatini kwa bibi na kukuta neno Staffordshire, huenda kilitoka huko. Matanuri ya matofali yenye umbo la chupa bado yamesimama mitaani, ingawa mengi yalizimwa zamani. Asubuhi wenyeji hula chapati laini za shayiri zilizokunjiwa jibini na nyama. Uwanja uko mahali pa juu panapopigwa na upepo, na kwa miaka mingi mashabiki wa Uingereza walikuwa wakiulizana kama nyota wa Hispania wangeweza kutamba pale usiku wa baridi na mvua.

Joselu alifunga mabao 4 ya ligi msimu wa kwanza, kisha akakopeshwa. Safari hii alirudi nyumbani Galicia, lakini upande wa pili, Deportivo ya A Coruña, mahasimu wakubwa wa Celta iliyomlea. Ni kama kijana aliyekuzwa Simba arudi mjini akiwa amevaa jezi ya Yanga.

A Coruña ni mji uliozungukwa na bahari karibu pande zote. Una mnara wa taa za meli uliojengwa na Warumi, Mnara wa Hercules, ambao mpaka leo unaongoza meli na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2009. Uwanja wa Riazor uko hatua chache kutoka ufukweni. Huko, Machi 12, 2017, Deportivo iliifunga Barcelona 2-1, siku nne tu baada ya Barcelona hiyo kuichapa Paris Saint-Germain 6-1. Joselu ndiye aliyefungua mlango wa mabao.

Kisha Uingereza tena, Agosti 2017, Newcastle United chini ya kocha Rafael Benítez. Uwanja wa St James' Park uko katikati ya mji, juu ya kilima, na siku ya mechi mji mzima hupanda kuelekea huko kwa miguu. Watu ni wakarimu, lafudhi yao ni ngumu hata kwa Waingereza wenzao, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Giza hilo si jambo dogo kwa familia zinazotoka nchi za jua. Serikali ya Uingereza inawashauri watu kufikiria kutumia vidonge vya vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, wakati wa vuli na baridi, kwa kuwa mwili hautengenezi ya kutosha bila jua. Watu wenye ngozi nyeusi, wakiwemo wa asili ya Afrika, wanashauriwa kufikiria kuitumia mwaka mzima. Mzazi mwenye ndugu au mtoto anayesoma huko afahamu hilo, na kwa watoto wadogo amuulize mhudumu wa afya kipimo kinachofaa.

Newcastle ilibaki Ligi Kuu misimu yote miwili, lakini straika huhesabiwa kwa mabao, na Joselu alipata mabao 6 ya ligi kwa miaka 2. Alipoondoka mwaka 2019, akiwa na miaka 29, watu wachache sana Uingereza walitegemea kulisikia jina lake tena.

Vitoria, mji wa kusukuma kigari cha mtoto

Alikwenda Alavés, klabu ya Vitoria-Gasteiz, makao makuu ya serikali ya Nchi ya Basque.

Kati ya miji yote ya safari hii, Vitoria ndio ambao mzazi angeutamani zaidi. Ulichaguliwa kuwa Mji wa Kijani wa Ulaya mwaka 2012. Umezungukwa na mkanda wa misitu, mashamba na mabwawa, na kutoka nyumbani mtu anaweza kufika kwa baiskeli mahali pa kutazama ndege na kulungu. Mji mkongwe uko juu ya kilima, lakini manispaa iliweka njia za umeme zinazopandisha watu barabarani, hivyo bibi mwenye magoti mabovu na mama anayesukuma kigari cha mtoto hufika juu bila kuhema.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Katika miji mingi mzazi hulazimika kulipia klabu ili hilo litimie. Vitoria, mtaa wenyewe unamfanya mtoto atembee.

Ni hapa Joselu alipotulia. Alikaa misimu mitatu. Alifunga mabao 11 ya ligi, kisha 11 mengine, kisha 14. Hakuwa amejifunza mpira upya. Alikuwa anaanza kila mechi, kwenye timu iliyopeleka krosi ndani ya boksi, mbele ya watu waliomwamini. Makocha wa watoto hujua kwamba mchezaji anayetolewa kila anapokosea huanza kucheza kwa hofu, na mwenye hofu hapigi shuti.

Hata hivyo, mwaka 2022 Alavés ilishika mkia na kushuka daraja. Siku chache baadaye, Mei 28, Joselu alikuwa Paris kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, jukwaani, kama shabiki. Alikwenda kumwangalia Carvajal, mwenzake wa zamani wa Castilla. Wawili hao wameoa dada mapacha. Watu wa pwani wana neno lake: wao ni wanyumba. Real Madrid iliifunga Liverpool bao 1-0 na Carvajal akanyanyua kombe. Mwanyumba wake alirudi nyumbani kutafuta timu.

Kushuka tena, kupanda palepale

Timu aliyoipata ilikuwa Espanyol, klabu ya pili ya Barcelona, ambayo uwanja wake uko nje kidogo ya jiji, kwenye mpaka wa Cornellà na El Prat, karibu na uwanja wa ndege. Alifunga mabao 16 ya ligi. Ni Robert Lewandowski na Benzema tu waliofunga zaidi yake msimu ule. Espanyol ikashuka daraja.

Kushuka mara mbili mfululizo kungeweza kumharibia mtu jina. Kwake ilikuwa kinyume. Machi 25, 2023, mjini Málaga, aliitumikia timu ya taifa ya Hispania kwa mara ya kwanza, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 33. Aliingia dakika ya 81 dhidi ya Norway na kufunga mara mbili. Juni mwaka huo alifunga bao la ushindi dhidi ya Italia katika nusu fainali ya Ligi ya Mataifa, kombe ambalo Hispania ililitwaa.

Wiki hizohizo Benzema aliondoka Real Madrid kwenda Saudi Arabia. Klabu ilihitaji straika wa kusaidia, asiye ghali, asiyelalamika akikaa benchi. Joselu akarudi kwa mkopo, miaka 11 baada ya kuuzwa.

Ukitaka kuuona uwanja wa Santiago Bernabéu, treni ya chini ya ardhi, njia ya 10, inakushusha mlangoni. Uko kwenye barabara pana ya Castellana, katikati ya maofisi, ukiwa umefunikwa kwa vyuma vinavyong'aa baada ya ukarabati wa miaka kadhaa.

Usiku wa Mei 8 Bayern waliongoza kwa bao la Alphonso Davies, na mechi ya kwanza Munich ilikuwa imeisha 2-2. Joselu aliingia dakika ya 81. Dakika ya 88 Vinícius Júnior alipiga shuti ambalo kipa Manuel Neuer aliutema mpira, na Joselu alikuwa palepale. Dakika chache baadaye Antonio Rüdiger alipiga krosi, Joselu akaumalizia. Mshika kibendera aliinua kibendera cha kuotea, VAR ikaangalia, bao likakubaliwa. Real Madrid 2, Bayern 1.

Mabao yote mawili yalikuwa ya karibu na goli. Hayakuhitaji chenga. Yalihitaji mtu aliyekuwa mahali panapotakiwa, na kuwa hapo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Hannover, Stoke na Vitoria kwa miaka yote ambayo watu wachache walimtazama.

Juni 1, Wembley, waliifunga Borussia Dortmund 2-0. Bao la kwanza lilikuwa la Carvajal. Joselu aliingia dakika za mwisho, na safari hii wanyumba wote wawili walikuwa uwanjani. Mwezi uliofuata walikuwa pamoja pia katika kikosi cha Hispania kilichotwaa Euro 2024 nchini Ujerumani. Robo fainali dhidi ya wenyeji ilichezwa Stuttgart, mji aliozaliwa, na Joselu aliingia katika muda wa nyongeza.

Kisha Doha

Hakubaki Madrid kula sifa. Majira hayohayo ya joto alihamia Al-Gharafa ya Doha, Qatar, klabu yake ya 11, nchi ya nne. Huko jotoridi la kiangazi hupita nyuzi 40, na timu hucheza usiku.

Doha ni mji wa watu waliotoka kwingine. Walinzi wa maduka, madereva, wahudumu wa hoteli na yaya wengi wametoka Kenya, Uganda na Tanzania, na Kiswahili husikika kwenye mabasi siku za mapumziko. Mshahara wa mcheza mpira hauna ulinganifu na wa mlinzi. Lakini mtoto wa wafanyakazi wageni wa Stuttgart naye alifuata kazi ilikokuwa, kama walivyofanya wazazi wake na kama wanavyofanya hao.

Mzazi anabaki na nini

Kwanza, si kila anayesubiri hupata usiku kama ule. Wachezaji wengi wa akademi hawafiki ligi kuu yoyote. Kumwambia mtoto avumilie tu mpaka nyota yake iwake ni kumpa ahadi ambayo mzazi hawezi kuitimiza. Shule iendelee, usingizi uendelee, na mtoto awe na jambo jingine analolipenda.

Pili, Joselu hakuwa ameshindwa kabla ya Mei 2024. Kwa zaidi ya miaka 10 aliishi kwa kazi aliyoichagua na kuheshimiwa na waliofanya kazi naye. Kama Neuer angeudaka mpira ule, bado ungekuwa ni maisha mazuri. Mtoto anayesikia nyumbani kwamba bila Real Madrid yeye si kitu, hujifunza kuidharau hata kazi nzuri atakayoipata.

Tatu, kwa familia zinazohama, iwe ni kwa mpira, jeshi, ualimu au biashara: mtoto aambiwe mapema, apewe nafasi ya kuaga rafiki zake, na vitu vichache visibadilike, kama saa ya kula pamoja, saa ya kulala na simu ya Jumapili kwa bibi. Akibadilika ghafla baada ya kuhama, akawa halali, hali au hataki shule kwa wiki kadhaa, apelekwe kwa mhudumu wa afya, asiachwe kwa maelezo kwamba atazoea.

Na siku kocha atakapomrudisha nyumbani akiwa ameachwa kwenye kikosi, mpeni chakula kwanza. Maswali yanaweza kusubiri kesho.